Baraza Lililoingizwa Ndani

Wakazi wa miji yetu ya pwani wana lalamiko moja wanalolirudia karibu kila siku, nalo ni kwamba nyumba zimekuwa nyembamba. Viwanja vimekatwakatwa, urithi umegawanywa, kodi imepanda, na fundi akimaliza kusimamisha kuta, mwenye nyumba hujikuta na sebule ambayo akinyoosha mikono anakaribia kuzigusa pande zote mbili. Sina nia ya kubishana na lalamiko hilo. Ninachotaka kukihoji ni dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba wembamba wa chumba ndio unaotunyima raha ya kukaa ndani yake. Nimekaa katika vyumba vyembamba kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na nimeingia katika vingine vingi zaidi, kwa harusi, kwa misiba na kwa kutafuta pa kupanga. Baadhi ni vya raha, baadhi ni adha tupu, na mara nyingi hivyo vya adha ndivyo vilivyokuwa vikubwa kidogo.

Tuanze na ushahidi ambao hauna mpinzani. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi katika zile za kale zilizosalia ni za karne ya 18, husifiwa na kila anayeingia ndani yake. Mji wenyewe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Basi chukua futi kamba, msomaji, upime upana wa chumba katika nyumba hizo. Utapata mita 2 na nusu, pengine karibu na 3, na hapo utakuwa umefika ukutani. Sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko hauwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo huku umebeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Mti ndio ulioamua upana wa chumba, na mwenye nyumba akakubali. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kupelekwa Oman na miji ya Ghuba, Kuwait na Bahrain, na huko nako vyumba vya nyumba za zamani vikawa vyembamba vivyo hivyo, kwa kuwa mti ulikuwa ule ule. Kwa hiyo tajiri wa Lamu mwenye majahazi na mashamba alilala katika chumba ambacho kwa upana hakimzidi mpangaji wa leo wa Manzese. Akitaka ukubwa, alirefusha. Kupanua hakukuwamo katika uwezo wake wala katika fikira zake.

Na alivyokitumia chumba hicho ndiko kwenye somo. Kwanza hakukifunga. Kutoka kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, ulipita msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Vyumba virefu vilivyolala kimoja nyuma ya kingine, vikifunguliana kwa uwazi mpana badala ya vijilango, na mapazia yakifanya kazi ya kufunga pale stara ilipohitajika. Kila ukisogea sakafu inapanda kidogo na nuru inapungua, hata aliyeketi ndani kabisa anaona kina cha nyumba nzima mbele yake ilhali yeye haonekani vizuri na aliye nje. Kitanda kiliwekwa kwenye ncha ya chumba, pazia likateremshwa mbele yake, na katikati pakaachwa patupu. Mkeka ukitandikwa, ni pa kula. Ukikunjwa, ni pa kupita.

Ukuta nao ulikuwa na kazi. Kwa kuwa ulijengwa kwa matumbawe na chokaa, unene wake ulifika kama nusu mita, na katika unene huo wakachimba vidaka. Kabati la kawaida la siku hizi hula sentimita 45 za chumba. Kidaka hakili hata moja, kwa sababu kinaishi ndani ya kitu ambacho kingekuwepo vyovyote vile. Humo ndimo vilimokaa vyombo vya kauri, misahafu, taa na manukato. Katika nyumba za wenye nafasi, ukuta wa mwisho wa ndani ulijaa safu juu ya safu za vidaka vyenye nakshi, na jicho lililodhani limefika mwisho wa chumba likakuta bado kuna mahali pa kuingia. Ustadi wa namna hiyo siuoni katika jumba lolote jipya la ghorofa nililowahi kuingia.

Lakini ni lazima nitie neno hapa, maana sifa za nyumba hizi zimezidi kipimo. Wanaozisifu huzungumzia uwazi wa msana bila kuuliza ni nani aliyekuwa akiuweka wazi. Mikeka haikujikunja yenyewe. Chakula hakikushuka chenyewe kutoka jiko la juu darini, na maji hayakupanda yenyewe. Waliofanya kazi hizo walikuwa watumwa, ambao wao walilala chini, pamoja na ghala. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na sehemu fulani ya utulivu ule ikaondoka nao. Wala ile nuru inayofifia kuelekea ndani haikuwa pambo tu kwa wanawake waliopangiwa kuishi mwisho wake. Mwenye kuipenda nyumba ya mawe, na mimi ni mmoja wao, na aipende akijua hayo.

Kuna pia waliougundua uzuri huu na kuugeuza biashara. Ukiingia katika baadhi ya hoteli za Mji Mkongwe utakuta chumba cha upana ule ule wa boriti, na katikati yake kimesimamishwa kitanda kikubwa cha nguzo nne, miguuni pake sanduku la njumu, kando meza ya kuandikia, viti viwili na friji ndogo inayonguruma. Vitu vyote ni vya Kizanzibari, isipokuwa friji, lakini mpangilio ni wa mtu asiyejua chumba kile kilifikiriwaje. Mgeni anapita ubavu ubavu kwenda msalani na kusema mahali hapa pana haiba. Haiba ipo, ila amelipia vitu, na nafasi hakupewa.

Kwa sababu hizo mbili, ile ya watumwa na hii ya hoteli, sidhani kwamba msana wa Lamu ndio mwalimu bora wa mtu anayetaka kukaa vizuri katika nyumba nyembamba mjini leo. Mwalimu bora nampata katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, na hasa katika kile chumba kimoja cha kupanga ambacho magazeti hukitaja kwa huruma tu.

Nyumba yenyewe tunaijua: baraza mbele, mlango, ukumbi ulionyooka katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha mlango wa nyuma unaotoka uani, kwenye jiko, choo, bafu na stoo. Kariakoo, Magomeni, Ilala na Temeke zimekua juu ya ramani hiyo moja. Wachoraji wasomi wameibeza kwa muda mrefu kama nyumba ya mtu asiyejua kuchora. Mimi naona ule ukumbi una akili kuliko korido yoyote ya ghorofa. Milango yake miwili inatazamana, moja mtaani na mmoja uani, na upepo ukipata pa kuingia na pa kutokea hupita bila kuombwa. Saa nane mchana, vyumba vikiwa tanuri, ukumbini pamepoa. Ndipo mkeka unapotandikwa, mchele ukachaguliwa, mtoto akalazwa, nywele zikasukwa. Ni njia, na papo hapo ni sebule ya kaya sita.

Tuingie chumbani sasa. Ni futi 10 kwa 10, pengine na nusu. Wengi wetu tumeviona vyumba vya aina hii vikikaliwa na mama, baba na watoto watatu bila mtu kumkanyaga mwenzake. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, na uvungu umekuwa ghala: sanduku la bati, sufuria za shughuli, ndoo, viatu. Ile methali ya mtaka cha mvunguni kuinama ilitungwa na watu walioijua thamani ya sehemu hiyo. Nguo za kila siku ziko kwenye kamba pembeni, zimefunikwa kanga zisipate vumbi. Nyuma ya mlango umesimama mkeka uliokunjwa, na stuli mbili zimepandana. Na pazia moja, limetundikwa toka ukuta hadi ukuta, limekikata chumba vipande viwili: nyuma kitanda, mbele mahali pa mgeni. Hakuna ukuta wa bei rahisi kuliko huo, wala mwingine unaopitisha hewa na kuondolewa kwa mkono mmoja. Asubuhi pazia huvutwa lote kando ili mwanga ufike uvunguni kwenye kufagiwa. Jioni huteremshwa. Usiku stuli zinatoka, mkeka unaingia, na pale alipoketi mgeni wanalala watoto.

Sitaki kuufanya ufukara kuwa ustadi. Watu watano katika futi 100 za mraba ni wengi mno, na joto la chumba hicho mwezi wa pili silisimulii kwa mtu kama sifa. Ninasema tu kwamba mama aliyekipanga amefikiri kuhusu kila futi, kwa saa zote 24, na kwamba akihamia nyumba kubwa kidogo elimu hiyo huiacha mlangoni.

Maana jambo la kwanza linalonunuliwa katika nyumba mpya ni seti ya makochi. Moja la watu watatu, moja la wawili, mawili ya mtu mmoja mmoja, meza ya kioo katikati, stuli kila kona, na ukutani kabati la vioo lenye televisheni na vikombe visivyonyewewa. Tufanye hesabu. Sebule ina upana wa futi 10. Kochi la upande huu lina kina cha futi 3, na la upande ule futi 3, na meza futi 2. Zimebaki futi 2, yaani futi moja kila upande wa meza, na mtu mzima hapiti katika futi moja ila kwa ubavu. Hesabu ya chumba cha kulala ni hiyo hiyo: kitanda cha sita kwa sita katika futi 10 kwa 10 kinachukua 36 kati ya 100 kabla hujahesabu fremu, nacho kinawekwa katikati ya ukuta ili kionekane, kikiacha vichochoro viwili visivyofaa kitu. Juu ya makochi vinatandazwa vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa, kwa miezi kadhaa, ile nailoni ya dukani. Kisha watoto wanaambiwa wasikae hapo.

Niliwahi kumwuliza fundi seremala mmoja wa Keko kwa nini hatengenezi makochi madogo. Alicheka. "Mzee," akaniambia, "wateja wangu wananiletea picha. Sijawahi kuona aliyeniletea vipimo vya chumba." Siku hizo picha ilikatwa kwenye gazeti, sasa imo kwenye simu. Ndani ya picha hiyo kuna sebule ya nchi nyingine, yenye upana mara mbili ya yetu, ambayo makochi yanaelea katikati na watu wanazunguka nyuma yake.

Swali ninalojiuliza ni kwa nini tulihitaji kitu hicho, hata tukakipa chumba chote. Jibu nililofikia ni kwamba seti ya makochi ni baraza lililoingizwa ndani. Katika nyumba ya mawe na katika nyumba ya Kiswahili, mgeni wa kawaida, hasa mwanamume, hakuingia. Aliketi barazani, akanywa kahawa, akazungumza, akaenda zake. Baraza lilikuwa la saruji au la mawe, limeshikamana na ukuta, halikuhitaji kitambaa wala nailoni, na halikula hata futi moja ya ndani. Mtaa ndio uliokuwa sebule. Tulipoanza kujenga uzio na geti, na tulipopanda ghorofani, baraza likafutwa kwenye ramani, lakini mgeni hakufutwa. Ikabidi apatiwe mahali ndani, na mahali hapo pakatengwa kwa ajili yake hata siku ambazo haji. Zanzibar ilipojenga majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, baada ya Mapinduzi ya 1964, watu waliotoka kwenye nyumba za udongo za Ng'ambo walipewa kuta imara na mabomba, ila si baraza. Waliendelea kuketi nje hata hivyo, chini ya majumba yale yale. Wachoraji wa leo wangeweza kujifunza mengi kwa kutazama tu watu wanaketi wapi saa kumi na moja jioni.

Badala yake wanatuchorea korido. Katika nyumba za ghorofa zilizobanwa kwenye kiwanja chembamba, korido hupita katikati kwa upana wa mita moja, milango huku na huku, giza, taa ikiwashwa mchana. Haina upepo kwa sababu mwisho wake ni ukuta. Haikaliki, haiwekeki kitu, na hata kaburi la mtoto lina matumizi zaidi. Nisamehewe ukali huo. Eneo lake likijumlishwa ni sawa na chumba cha mtoto wa shule. Angeondolewa huyo mchoraji vijilango viwili, akaiacha sebule ifunguane na mahali pa kulia kwa uwazi mpana na pazia, wembamba ungegeuka urefu, kama ulivyogeuka Lamu, na bila mtumwa.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu hilo silidharau. Makochi yale mama aliyanunua kwa fedha ya mchezo, miezi mingi ya kutoa kila wiki, akisubiri zamu yake. Amekulia kwenye stuli. Wakwe walipokuja mara ya kwanza waliketi kwenye viti vya kuazima, na yeye alijua, nao walijua. Seti ile ni ushahidi kwamba hatadharaulika tena. Mtu akisimama na futi kamba kumwambia kwamba imezidi futi 2, anastahili kufukuzwa. Heshima nayo ni matumizi ya nyumba, na nyumba isiyoweza kumketisha mkwe haijakamilika hata kama kila futi yake inafanya kazi.

Ila nami namwomba atazame ni nani anayeilipia heshima hiyo kila siku. Mgeni wa kuketishwa namna ile huja labda mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote binti wa darasa la saba anafanya hesabu akiwa amelala kifudifudi kitandani, daftari juu ya mto, kwa kuwa meza ya kioo ina maua ya plastiki na hairuhusiwi. Bibi mwenye magoti mabovu anakaa jikoni juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa kuwa kochi ni la chini mno na akizama haamki. Usiku vijana wawili wanainua meza, wanaisimamisha kwenye korido, wanatandika godoro katika ule mfereji uliobaki baina ya makochi, na alfajiri wanairudisha kabla baba hajatoka. Kaya nzima inaishi pembezoni mwa chumba bora kuliko vyote walivyonavyo.

Na dawa yake haihitaji fedha zaidi. Pengine inahitaji chache. Katika nyumba moja huko Tanga nililiona benchi refu la mbao lililofuata ukuta mmoja wa sebule kutoka kona hadi kona, kina chake futi 1 na nusu, mito juu, na chini ya kiti masanduku yenye vifuniko. Lilikalisha watu saba. Ukuta wa pili ulikuwa mtupu kabisa, isipokuwa rafu nyembamba juu ya usawa wa kichwa, na meza iliyofungwa kwa bawaba ukutani ambayo hushushwa wakati wa kula na wa masomo. Televisheni ilikuwa kwenye ncha fupi ya chumba, karibu na dirisha. Katikati palikuwa na njia ambayo watu wawili walipishana. Kiti kimoja chenye mikono, kirefu, kiliwekwa mahali pa upepo, nacho kilikuwa cha bibi. Nilimwuliza mwenye nyumba wazo hilo alilitoa wapi, nikitarajia atanitajia kitabu au safari. Akanishangaa. Alisema alikuwa na mbao zilizobaki kwenye paa, na kwamba baba yake alikuwa na baraza.